Bolti Zinazolegea kwa Mtetemo: Jinsi ya Kuzizuia kwenye Mashine Ndogo za Injini

Mashine ya kufyekea nyasi niliyoletewa mwezi uliopita kwenye karakana yangu, hatua chache kutoka Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, haikuwa na ubovu wowote wa injini. Mwenyewe, mzee anayetunza bustani za nyumba kadhaa kule Lang'ata, alidhani pistoni imekwisha, kwa sababu mashine ilikuwa ikinguruma kama pikipiki iliyovuliwa mafla na nguvu yake ilikuwa imepungua. Nilipofungua kifuniko cha plastiki nikakuta kwamba kati ya bolti mbili zinazoshikilia ekzosi, moja haipo kabisa, na ya pili imeshikwa na hesi (ile michirizi inayoizunguka bolti) mbili tatu tu, ikicheza ndani ya tundu lake kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Gasketi, ule utando unaobanwa kati ya ekzosi na silinda, ilikuwa imeungua upande mmoja, na alumini ya silinda ilikuwa imeanza kulika pale ilipokuwa ile bolti iliyopotea.

"Fundi, hizo nilizikaza mwenyewe wiki mbili zilizopita," aliniambia, nami sikuwa na sababu ya kutomwamini. Alikuwa amezikaza kweli, tena mara tatu tangu Krismasi.

Watu wengi wakifika hapo hukimbilia gundi. Gundi ina mahali pake, na nitaieleza, lakini si dawa ya kwanza, na kwenye ekzosi si dawa hata kidogo. Bolti hulegea kwa sababu vipande viwili inavyovibana vimepata nafasi ya kusogeana, na mpaka nafasi hiyo iondolewe, kila utakachokipaka au kukichomeka chini ya nati kitakuwa cha kununua muda tu.

Kinachoifanya bolti ijifungue

Bolti iliyokazwa vizuri hunyooka kidogo mno, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, nayo hutaka kurudi katika urefu wake wa awali. Ni springi ngumu. Kule kutaka kurudi ndiko kunakovibana vipande viwili pamoja, na kubana huko ndiko kunakoleta msuguano kwenye hesi na chini ya kichwa chake. Msuguano huo ndio unaoizuia isizunguke kurudi nyuma. Kwa maneno mengine, kinachoshikilia bolti ni nguvu ya kubana, na hesi zenyewe ni mteremko tu ambao bolti ingependa kuushuka ikipata nafasi.

Nafasi hiyo hupatikana pale vipande vinapoteleza kwenda kando. Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alionyesha kwa majaribio kwamba mtetemo wa kwenda kando, ule unaokata bolti kwa upande, huilegeza haraka kuliko mtetemo unaofuata urefu wake. Kila kipande kinapoteleza, hata kwa sehemu ndogo ya milimita, msuguano wa kwenye hesi huwa umeshughulika na mwendo huo wa kando, na kwa kitambo hicho hakuna kinachoizuia nati isirudi nyuma kidogo. Sasa fikiria hesabu yake. Jenereta ndogo ya petroli inayotoa umeme wa masafa ya hezi 50 kwa kawaida huzunguka mara 3,000 kwa dakika, yaani mara 180,000 kwa saa moja ambayo kinyozi anaendelea kunyoa wateja stima ikiwa imepotea. Msumeno wa mnyororo hupita mizunguko 10,000 kwa dakika unapokata. Nati haihitaji kurudi nyuma kwa kiasi kikubwa kila mara. Ina mara nyingi za kutosha.

Tafuta kwanza mtetemo usio wa kawaida

Injini ya silinda moja lazima itetemeke, na walioibuni walilijua hilo. Ila mashine iliyoanza kuzidisha mtetemo siku za karibuni ina jambo, na ni kazi bure kukaza bolti bila kulitafuta. Kwenye mashine ya kusukuma ya kukata nyasi, kisu kilichonolewa upande mmoja zaidi ya mwingine ndicho mshukiwa wa kwanza. Ondoa waya wa plagi kabla ya kukigusa, kifungue, kisha kitundike kwa tundu lake la katikati kwenye msumari uliopigiliwa ukutani ukiwa umenyooka. Upande mzito utashuka. Unole huo kidogo kidogo mpaka kisu kikae kimelala sawa bila kuchagua upande. Kwenye mashine ya kufyekea na msumeno, angalia zile raba zinazotenganisha injini na mikono ya kushikia. Raba iliyopasuka au kulainishwa na mafuta huruhusu chuma kigonge chuma. Jenereta nayo ina raba miguuni na chini ya injini, na nimeona nyingi zilizowekewa vipande vya tairi badala ya raba zake. Kipande cha tairi si kibaya ukikosa kabisa, mradi unene ulingane pande zote.

Fungua, safisha, tazama

Bolti iliyolegea isikazwe tu ilipo. Itoe nje. Isafishe kwa brashi ya waya, kisha ipitishe mkononi kwenye tundu lake bila spana: inapaswa kuingia kwa vidole mpaka karibu na mwisho. Ikikwama, ama hesi zimechafuka ama mtu aliwahi kuingiza bolti isiyo yake. Jambo hilo hutokea sana kwenye mashine za kukata nyasi ambazo injini yake ina asili ya Marekani, kwa kuwa nyingi hutumia hesi za inchi. Bolti ya robo inchi ina kipenyo cha milimita 6.35 na bolti ya M6 ina milimita 6. Kwa macho ni ndugu, lakini hesi zake hazilingani, na anayelazimisha moja kwenye tundu la nyingine huharibu alumini ambayo haitengenezeki kwa spana.

Tazama pia pale vipande vinapokutana. Rangi nene, kutu, mchanga, na gasketi kuukuu iliyopondeka ni maadui wa kimyakimya. Unapokaza juu yake bolti huhisi ngumu, lakini baada ya dakika chache za kazi ule uchafu unasagika, unene unapungua, na ile springi inapoteza mvuto wake bila nati kuzunguka hata kidogo. Hivi ndivyo bolti inavyolegea kabla haijaanza kujifungua. Kwangua mpaka uone chuma kitupu.

Kama utanunua bolti mpya, na mitaa yetu hii ambayo wazee bado wanaiita Grogan haikosi muuzaji, geuza kichwa chake usome. Bolti ya chuma yenye alama 8.8, yaani daraja la uimara wake, inatosha kwa kazi nyingi za mashine hizi. Isiyo na alama yoyote mimi huiacha dukani, kwa sababu chuma laini hunyooka na kubaki kimenyooka, na springi isiyorudi si springi.

Kukaza kwa kipimo bila kununua spana ya kipimo

Hapa ndipo wengi tunapokosea, mafundi tukiwa wa kwanza. Mwenye mkono mzito huvunja bolti ya M5, na yule aliyevunja jana huogopa na kuiacha leo ikiwa nusu imekazwa. Bolti ya M6 ya daraja la 8.8 inayoingia kwenye chuma huhitaji nguvu ya kuzungusha inayokaribia Nm 10 (Nm ni nyutoni mita, kipimo cha nguvu hiyo). Ya M8 karibu Nm 25. Ya M5 kati ya 5 na 6. Tundu likiwa la alumini au magnesi, kipimo hupungua, na kitabu cha mashine ndicho chenye neno la mwisho.

Spana ya kipimo, ile inayoonyesha nguvu unayokazia, ni ghali kwa mtu mwenye mashine moja, kwa hiyo nawafundisha vijana wa karakana kwa mtungi wa maji. Bana bolti ya M6 na nati yake kwenye jiriwa, weka spana ya namba 10 ikiwa imelala sawa na ardhi, kisha ning'iniza mtungi uliojaa lita 5 za maji kwenye bomba fupi ulilovisha spana, sentimita 20 kutoka katikati ya bolti. Maji hayo yana uzito wa kilo 5, na uzito huo kwa umbali huo hutoa takriban Nm 10. Mtungi ukiacha kushuka, kipimo kimefika. Ondoa mtungi, shika pale pale kwa mkono, sukuma mpaka uhisi inataka kuanza kusogea. Rudia mara kumi. Lita 10 kwa sentimita 25 hukupa karibu Nm 25 ya bolti ya M8. Mkono una kumbukumbu nzuri kuliko tunavyodhani, na kijana aliyefanya zoezi hili asubuhi moja hakazi tena kwa kubahatisha.

Kaza bolti za sehemu moja kwa zamu na kwa hatua mbili: kwanza zote nusu, ndipo zote mpaka kipimo. Ukiimaliza moja kabla ya kuigusa ya pili, kipande hukaa upande, na utakuwa umejitengenezea tena ile nafasi ya kuteleza.

Washa, nati na gundi

Washa ni pete inayokaa chini ya nati au kichwa cha bolti. Ile ya springi, iliyokatwa na kupindwa, imeaminiwa kupita stahili yake. Shirika la anga la Marekani, NASA, liliandika katika mwongozo wake wa bolti wa mwaka 1990 kwamba washa hiyo huwa imeshalala bapa bolti inapofikia kipimo chake, na ikishalala inafanya kazi ya washa ya kawaida. Sisemi uitupe iliyokuja na mashine. Nasema usiiongeze ukadhani umemaliza.

Nati yenye pete ya nailoni ndani ni nzuri zaidi, kwa sababu hata ikipoteza nguvu ya kubana haidondoki. Inafaa kwenye mikono ya kushikia, magurudumu, na fremu ya jenereta. Nailoni huanza kushindwa joto linapokaribia nyuzi 120 za Selsiasi, basi iweke mbali na silinda. Ukiweza kuizungusha kwa vidole mpaka mwisho, imekwisha kazi. Kwa nati mbili zinazokazana, kumbuka kwamba ile nyembamba hutangulia chini na nene hukaa juu, kinyume cha tunavyoona kila siku kwenye mageti ya jiji hili.

Sasa gundi. Hii ya kuzuia bolti isilegee si gundi ya kawaida. Chanzo chake ni kazi ya Vernon Krieble, profesa wa kemia katika Trinity College, Hartford, aliyeitengeneza mwaka 1953, na ni kimiminika kinachoganda pale kinapokosa hewa huku kikigusa chuma. Ndiyo maana chupa yake huuzwa ikiwa haijajaa: hewa iliyomo ndiyo inayoizuia isigandie ndani. Kwa makampuni mengi, ya buluu hufunguka kwa spana za kawaida, na nyekundu huhitaji kuchomwa moto hadi karibu nyuzi 250 ndipo iachie. Kwa mashine ndogo nunua ya buluu na usahau nyekundu. Niliwahi kutumia nyekundu kwenye skrubu ya M5 ya msumeno nikiwa bado najifunza, na kichwa kilipokatika ilinibidi kutoboa kile kilichobaki ndani ya magnesi kwa nusu siku nzima. Kama mwingine amekuachia urithi huo, ipashe moto skrubu yenyewe kwa ncha ya solda ya umeme baada ya kuondoa tangi la petroli na kulipeleka nje. Usielekeze mwali wa gesi kwenye mashine yenye mafuta.

Gundi haishiki penye mafuta. Wengi husafisha bolti kwa petroli ya kwenye tangi la mashine yenyewe, wakisahau kwamba petroli ya injini ya mipigo miwili (two-stroke) imechanganywa na oili, na ikikauka huacha utando ule ule waliotaka kuuondoa. Tumia thina au spiriti kwa bolti na kwa tundu, acha pakauke, kisha weka tone moja au mawili kwenye hesi zitakazoingia ndani, wala si kwenye kichwa. Tundu likiwa halijatoboka upande wa pili, dondoshea humo ndani pia. Kaza mara moja na usiiguse tena. Hushika ndani ya dakika 10 hadi 20, lakini ukomavu wake kamili ni baada ya saa 24. Mteja anayesimama mlangoni akikuhimiza uiwashe umpelekee Ngong Road sasa hivi, mwambie aje kesho. Ifahamike pia kwamba ingali majimaji gundi hulainisha hesi, hivyo usizidishe nguvu.

Kwenye plastiki gundi hii isifike kabisa, kwa kuwa huipasua baadhi ya plastiki polepole, na ufa huonekana wiki kadhaa baadaye wakati hakuna anayekumbuka gundi. Skrubu zinazoingia kwenye plastiki zina adabu yake: iweke tunduni, izungushe kwanza kinyume, kama unafungua, mpaka uhisi imedondoka kidogo kwa mlio mdogo wa "tik". Hapo imeingia kwenye njia yake ya zamani. Ndipo uikaze, na uache mara tu kichwa kinapogusa na kubana. Anayeanza moja kwa moja kukaza huchonga njia mpya kila mara, na baada ya mara tatu au nne tundu huwa pana kama la msumari.

Ekzosi

Hapa gundi ya buluu haina maana, kwa sababu kikomo chake cha kawaida ni kama nyuzi 150 na ekzosi huvuka kiwango hicho kabla hujamaliza safu ya kwanza ya nyasi. Nailoni nayo itayeyuka. Zaidi ya hayo, ekzosi ni ya chuma na silinda ni ya alumini, na alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma. Kila unapowasha na kuzima, bolti huvutwa na kuachiwa. Kisha ekzosi yenyewe ni nzito na imening'inia pembeni, kwa hiyo kila mtetemo huisukuma kwenda kando, sawasawa na vile Junker alivyoeleza.

Anza na gasketi mpya iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine hiyo. Ya kukatwa kwenye boksi la karatasi huungua siku ile ile na kuacha pengo ambalo bolti haiwezi kulifidia. Hakikisha uso wa ekzosi umenyooka kwa kuulaza juu ya kioo. Ukiyumba, usugue kwa msasa uliotandazwa juu ya kioo hicho mpaka utulie. Nafasi ikiruhusu, tumia bolti ndefu zaidi na uvishe bushi ya chuma (kibomba kifupi) chini ya kichwa chake, ambayo fundi yeyote wa kerezo huko Gikomba au Industrial Area anaweza kukukatia. Urefu huo si urembo. Bolti ndefu hunyooka zaidi kwa nguvu ile ile, hivyo gasketi inapopondeka kwa sehemu ndogo sana ya milimita, bolti ndefu hubaki na mvuto wa kutosha, ilhali fupi huishiwa papo hapo.

Cha kufungia kiwe cha chuma kitupu. Bamba lenye masikio linalokunjwa juu ya kichwa cha bolti ni la kizamani na linafanya kazi. Washa za jozi zenye ngazi za mshazari ni bora kuliko zote nilizojaribu: bolti ikitaka kurudi nyuma, ngazi hizo hupandana na kuinyoosha zaidi, kwa hiyo kulegea kunajizuia kwenyewe. Zikae mbili pamoja, ngazi zikitazamana. Bei yake ni kubwa kuliko ya washa ya kawaida na baadhi ya wauzaji watakutazama kama umeuliza dhahabu.

Ukikuta hesi za alumini zimelika, usiijaze bolti kwa waya wala bati la soda. Tundu litobolewe, likatwe hesi kubwa zaidi, na livishwe hesi za waya wa chuma zinazorudisha ukubwa wa awali. Kazi hiyo huacha tundu imara kuliko lilivyotoka kiwandani.

Nati ya kisu cha kufyekea

Kwa mashine nyingi za kufyekea nati hii ina hesi ya kushoto, yaani hufunguka kwa kuzungushwa kama mishale ya saa, ili mzunguko wa kisu uzidi kuikaza. Nimeona spana zikivunjwa na watu wasiojua hilo. Nati hii ni ya kujifunga yenyewe. Ikianza kuzunguka kwa vidole, badilisha siku hiyo hiyo. Kisu kikichomoka hakichagui mguu wa kukata.

Alama na ukaguzi

Ukishamaliza, chora mstari mwembamba wa rangi kuanzia kichwa cha bolti hadi kwenye kipande kinachobanwa. Rangi ya kucha inatosha, isipokuwa kwenye ekzosi ambako itaungua; huko piga mkwaruzo kwa ncha ya msumari wa chuma. Mistari miwili ikiachana, umeona kulegea kabla ya kusikia. Washa mashine kwa dakika 15, izime, iache ipoe kabisa, kisha kaza tena zile bolti zisizo na gundi kwa kipimo kile kile. Zenye gundi zitazame tu, kwa sababu ukizisogeza umevunja ulichokigandisha. Baada ya tangi moja la petroli tazama tena, halafu kila unaponoa kisu.

Mashine ya yule mzee wa Lang'ata ilivishwa hesi za waya kwenye tundu moja, gasketi mpya, bolti mbili zenye bushi na washa za jozi. Aliporudi baada ya tangi la kwanza, mkwaruzo wa bolti ya juu ulikuwa umesogea kwa unene wa unywele. Niliikaza ikiwa baridi. Amepita tena Jumamosi, tukaitazama pamoja, na mikwaruzo yote miwili imekaa ilipoachwa.